Video Haisikii: Kiingereza cha Mtandaoni na Mwalimu wa Pemba

Katika masomo ya matamshi ya Kiingereza yaliyojaa YouTube, kuna somo moja ambalo karibu kila mwalimu hulitoa: namna ya kutamka sauti ya mwanzo ya "think" na ile ya "this". Mwalimu huisogelea kamera, akaitoa ncha ya ulimi katikati ya meno, akapuliza, kisha akamtaka mtazamaji achukue kioo ajitazame. Mfaransa analihitaji somo hilo, na Mjerumani, na Mjapani. Mtoto wa Wete, kisiwani Pemba, halihitaji. Kabla hajaijua hata herufi moja ya Kizungu amekwishakaa chuoni, ameisoma thaa na dhaal mbele ya ustadhi, na nyumbani kila siku anataja thamani, thelathini, dhahabu na dhiki bila ya kioo chochote. Kinachomshinda kiko kwingine. Kiswahili kina vokali tano. Kiingereza cha Uingereza, ukizijumlisha na zile za kuungana, huhesabiwa kuwa nazo kama 20. Kwa hiyo "bad", "bud", "bird" na "bard" humtoka zote kwa sauti moja, na "ship" na "sheep" hazina tofauti mdomoni mwake. Somo lililotengenezwa kwa ajili ya dunia nzima limempa alichonacho, likampita palipompungukia.

Aliyelitengeneza hana kosa. Hamjui mtoto huyo, wala hakuwahi kumsikia akisoma. Hapo ndipo ilipo hoja ya mhadhara huu: video inaweza kumsemesha mwanafunzi lugha, lakini haina njia ya kumsikiliza. Kwa hiyo faida yake katika kisiwa cha Pemba itapimwa kwa kumtazama aliyekaa ubavuni mwa kioo cha simu au televisheni, na kazi anayoifanya pale.

Lugha ya mtihani

Pemba haiishi kwa Kiingereza. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kisiwani humo watu zaidi ya nusu milioni, na Kiswahili ndicho kinachosemwa nyumbani, barazani, sokoni na shambani kwenye mikarafuu. Watalii wengi wanaokuja Zanzibar huishia Unguja, katika fukwe za Nungwi na Paje. Hoteli za kitalii za Pemba ni za kuhesabika: Fundu Lagoon upande wa Mkoani, Manta Resort huko kaskazini, ambako tangu mwaka 2013 mgeni anaweza kulala katika chumba kilichozamishwa baharini akitazamana na samaki. Kijana anayetaka kusikia Kiingereza kila siku hulazimika kuvuka kwenda Unguja kutafuta kazi. Aliyebaki anaweza kumaliza wiki nzima asisikie sentensi moja ya lugha hiyo nje ya darasa.

Hata hivyo, bila ya lugha hiyo mtihani haupitiki. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo mengi yako katika lugha hiyo. Kabla ya mabadiliko hayo palikuwa na mwaka mzima wa darasa la matayarisho kati ya msingi na sekondari, ambao kazi yake kubwa ilikuwa kumfunza mwanafunzi Kiingereza cha kusomea. Mwaka huo ukafutwa. Shida iliyouleta haikufutika nao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, waliipima shida hiyo katika mradi uliojulikana kwa jina la SPINE. Walichukua maswali ya mitihani ya kitaifa ya sekondari za Zanzibar, wakayarahisisha lugha au wakayaweka pia kwa Kiswahili, kisha wakazungumza na wanafunzi juu ya majibu yao. Walikuta kwamba wapo walioacha nafasi tupu kwenye karatasi ya Kiingereza ilhali jambo lenyewe wanalijua: walipoulizwa kwa Kiswahili, wakalieleza. Elimu ilikuwamo, lugha ya kuitolea ndiyo iliyokosekana.

Mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji saa nyingi zaidi za kuisikia na kuisema lugha kuliko zile anazopewa na ratiba ya skuli. Ndipo wazazi, walimu na wafadhili wanapoigeukia video. Ziko bure, ziko kwa maelfu, na zinafundishwa na watu waliozaliwa na lugha yenyewe. Misterduncan, Mwingereza aliyeanza kupakia masomo yake YouTube mwaka 2006 akiwa China, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Baada yake wakaja engVid wa Toronto, English with Lucy wa Uingereza, na mashirika makubwa kama BBC na VOA. Swali ni je, kumwagiwa masomo kunatosha?

Redio iliyojua kunyamaza

Kufundisha Kiingereza kwa chombo cha mbali kumeanza zamani kabla ya intaneti. BBC ilianzisha masomo yake ya Kiingereza redioni mwaka 1943. Mwaka 1982 televisheni ya China ilianza kuonyesha mfululizo wa BBC uitwao Follow Me, na mtangazaji wake, Kathy Flower, akawa maarufu nchi nzima. Zanzibar nayo ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake cha kwanza.

Lakini funzo kubwa kwa Pemba limo katika chombo kilichokuwa rahisi kuliko vyote hivyo, na limetoka jirani. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, pamoja na wataalamu wa Kimarekani na fedha za USAID, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza mpaka la tatu. Kila siku ya masomo palikuwa na kipindi cha nusu saa. Ubunifu wake ulikuwa katika ukimya. Redio inatoa amri: simama. Inanyamaza. Watoto wanasimama. Redio inauliza: unafanya nini? Inanyamaza tena, sekunde chache zilizopimwa kwa makini, na darasa zima linajibu kwa sauti. Kisha redio inatoa jibu lililo sawa, na kila mtoto anajua papo hapo kama alilenga. Mwalimu naye hakuachwa akae pembeni. Redio ilimwelekeza amwite mwanafunzi mmoja, aandike neno ubaoni, aonyeshe picha, na huku anafundisha, sikio lake mwenyewe linapata mazoezi.

Walipopimwa, watoto wa madarasa hayo waliwashinda wenzao wasiosikiliza vipindi, katika kusikia na katika kusoma.

Njia hiyo ilifika Zanzibar. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu na shirika la EDC, kwa msaada wa USAID, walianzisha mradi wa RISE, na kipindi chake cha redio kikapewa jina la Tucheze Tujifunze. Kilikuwa cha watoto wadogo, Unguja na Pemba, wakiwemo wale ambao skuli ya maandalizi haikuwa karibu nao. Walikusanyika katika vituo vya kijiji chini ya usimamizi wa mtu wa hapo hapo, redio ikawekwa katikati, na nyimbo za hesabu, Kiswahili na Kiingereza zikaimbwa kwa vitendo. Redio haikumsikia mtoto hata mmoja. Waliomsikia ni wenzake na mlezi aliyesimama mbele yao.

Mlinganishe na mwalimu wa YouTube. Anasema neno, anamtaka mtazamaji alirudie, anasubiri sekunde mbili, halafu anatabasamu na kusifu: vizuri sana! Anasifu hata kama aliyeko upande wa pili amelikosea neno zima, au hakufungua mdomo kwa sababu alikuwa anatafuna muhogo.

Seattle na Morogoro

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo limekuwa likitajwa tangu wakati huo. Waliwachukua watoto wachanga wa miezi tisa wa familia za Kimarekani, wakawasikilizisha Kichina katika vikao 12. Kundi moja lilikaa na Mchina hasa, anayewatazama, anayewachezesha, anayewasomea. Kundi jingine liliona na kusikia watu hao hao na maneno hayo hayo kupitia televisheni, na jingine likasikia sauti peke yake. Watoto waliokaa na mtu walijifunza kuzitofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni na wa sauti hawakupata kitu. Walikuwa sawa na watoto ambao Kichina hawakukisikia kabisa.

Mtu anaweza kulichukua jaribio hilo akazifunga video zote kabatini. Angekuwa na haraka. Huko Morogoro, mtafiti Dina Borzekowski na wenzake waliwapima watoto wa umri wa skuli ya awali, zaidi ya 500, baada ya kutazama kwa wiki kadhaa katuni ya Akili and Me inayotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia katika nchi ya ndoto yenye wanyama wanaomfunza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto walioitazama waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine: katika kuchora, kuyajua maumbo, kuhesabu na pia katika Kiingereza.

Tofauti ya Seattle na Morogoro si ya umri peke yake. Kwa mtoto wa Seattle Kichina kilishuka bila ya utangulizi, kutoka kwa mtu asiyeweza kumtazama. Mtoto wa Morogoro alipewa hadithi iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye mtoto kama yeye na mlima anaousikia ukitajwa, na Kiingereza kikamjia kidogo kidogo ndani ya mambo anayoyafahamu.

Watazamaji wa Tanzania waliijua siri hiyo kabla ya watafiti. Katika mabanda ya video filamu za Marekani, India na Hong Kong hazikuachwa zijisemee. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa wafasiri waliozisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili, wakiwatambulisha wahusika, wakiongeza utani, wakiufafanua mji wa mbali kwa mambo ya mtaani. Mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Ujerumani ameiandikia kazi hiyo kama sanaa kamili. Watu walivumilia saa mbili za lugha wasiyoijua kwa sababu ndani yake palikuwa na mtu wa kwao. Mwalimu wa Chake Chake anayeisimamisha video kila baada ya nusu dakika, akaeleza kwa Kiswahili na kumtania mwanafunzi wa kiti cha nyuma, anafanya kazi ya Lufufu. Anachokiongeza ni kuwarudisha watazamaji kwenye lugha ya mwanzo na kuwataka waiseme.

Kuna walimu wanaoamini kuwa neno moja la Kiswahili katika somo la Kiingereza ni uharibifu. Imani hiyo inawafaa watengenezaji wa video za dunia nzima, ambao hawana lugha nyingine ya pamoja na watazamaji wao. Mwalimu wa Pemba anayo. Anajua kwa nini mwanafunzi wake humwita mama yake "he": Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika "yeye". Anajua kwa nini "nimekaa" inageuzwa kuwa sentensi ya tendo lililokwisha, ilhali msemaji bado yuko juu ya mkeka. Makosa hayo yanaelezeka kwa dakika moja ya Kiswahili, na hayamo katika video yoyote ya Toronto. Ndiyo maana chaneli za Watanzania wanaofundisha Kiingereza kwa kukieleza kwa Kiswahili zimepata wafuasi wao, japokuwa taa zao ni hafifu na kamera ni ya simu.

Dakika sita na maandishi ya chini

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua nyayo za watazamaji katika masomo ya mtandao wa edX, vikao vya kutazama karibu milioni 6.9. Haijalishi video ilikuwa na urefu gani, mtazamaji wa kati na kati hakuzidi dakika sita. Hao walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka Konde asubuhi kwa miguu, halafu akawekewa kipindi cha dakika arobaini mfululizo, amekwisha kuondoka kimoyomoyo kabla ya robo yake. Somo la dakika arobaini linabeba video moja fupi iliyochezwa mara tatu, na wakati uliobaki ni wa vinywa vya wanafunzi.

Maandishi ya chini nayo yana hesabu yake. Holger Mitterer na James McQueen, waliofanya utafiti wao Uholanzi, waliwaonyesha wanafunzi wa Kidachi filamu zenye lafudhi ngumu za Uskochi na Australia. Waliosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha waliizoea lafudhi wakaweza kuyatambua hata maneno mapya. Waliosoma tafsiri ya Kidachi waliielewa hadithi, lakini tafsiri iliwapotosha katika kuyatambua maneno mapya. Ilikuwa mwaka 2009, na Wadachi hao walikuwa wamekwisha kukijua Kiingereza vyema, kwa hiyo matokeo hayamhusu moja kwa moja anayeanza. Hata hivyo yanampa mwalimu mpangilio wa kujaribu: mara ya kwanza video ichezwe na maelezo ya Kiswahili ili kisa kifahamike, mara ya pili na maandishi ya Kiingereza, mara ya tatu kioo kikiwa kimefunikwa, sauti peke yake.

Bando, flashi na umeme wa Tanga

Mpaka mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha. Mwaka huo waya uliotandazwa chini ya bahari kutoka Tanga ukaiunganisha na gridi ya Taifa kwa msaada wa Norway. Bila ya waya huo mazungumzo haya juu ya video yangekuwa ndoto. Lakini umeme ni nusu ya safari. Video hula bando kuliko kitu kingine chochote, na simu yenye uwezo wa kuicheza mara nyingi ni moja nyumbani, ya baba au ya kaka mkubwa, nayo hutoka naye asubuhi.

Vijana wa kisiwa hawakungoja wataalamu kulitatua hilo. Kaswida, taarabu, filamu na mpira wamezoea kurushiana kwa Bluetooth na Xender, au kutiliana kwenye flashi na memori kadi. Mmoja ananunua bando, kumi wanatazama. Njia ya masomo imekwisha kuchorwa.

Wako waliojenga vyombo kwa ajili ya njia hiyo. Salman Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine, akaanza kupakia video zake YouTube mwaka 2006, na Khan Academy ikazaliwa. Miaka sita baadaye ikatoka KA Lite, iliyoziweka video hizo ndani ya kompyuta isiyo na intaneti, na baada yake Kolibri, inayofanya kazi hiyo mpaka sasa: kompyuta moja ndogo hubeba maktaba, na simu zilizo darasani huvuta kutoka kwake bila ya bando. Ng'ambo ya Pemba, katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwagawia watoto wasiokwenda skuli vishikwambi vilivyochajiwa kwa jua, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila ya mtandao. Tuzo yake ilitolewa mwaka 2019 na kugawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion.

Upo upande wa haki pia, ambao skuli ya serikali haiwezi kuupuuza. Si kila video ya YouTube inaruhusiwa kupakuliwa na kugawiwa. Masomo yaliyotengenezwa na VOA yenyewe kwa wanaojifunza Kiingereza ni mali ya umma, kwa hiyo mwalimu anaweza kuyatia kwenye flashi na kuyapeleka Makangale au Kengeja bila ya kumwomba mtu.

Ng'ombe wa Wingwi kwa Kiingereza

Yakishafika huko, yatasema nini? Mfululizo wa VOA wa mwaka 2016, wenye masomo 52 ya kuanzia, unamfuata msichana aitwaye Anna aliyehamia Washington. Katika somo moja amepotea mjini, na rafiki yake anamwelekeza kwa simu, mtaa kwa mtaa. Ni somo zuri lililotengenezwa kwa ustadi. Lakini Pemba mtu haelekezwi kwa majina ya mitaa na namba za nyumba. Huambiwa ashukie msikitini, apite nyuma ya duka, akifika kwenye mwembe aulize. Mwanafunzi anajifunza kwanza mji wa Anna, na lugha inabaki ya pili.

Mwalimu mwenye simu anaweza kulitengeneza somo la namna hiyo kwa asubuhi moja. Mwanafunzi mmoja anasimama bandarini Mkoani na begi lake. Mwingine, aliyeko Chake Chake, anamwelekeza kwa simu mpaka anafika skuli. Mchezo wa ng'ombe, ambao Pemba inajulikana nao, ni somo kamili la kueleza kinachotendeka sasa: ng'ombe anakimbia, mchezaji anamkwepa, wanawake wanaimba. Uanikaji wa karafuu ni somo la kueleza jambo hatua kwa hatua: zinachumwa, zinachambuliwa vikonyo, zinatandazwa majamvini, zinageuzwa, zinapimwa. Sentensi za kutendwa zinazomtesa mwanafunzi katika kitabu cha sayansi anazipata hapo katika kazi aliyoifanya kwa mikono yake msimu uliopita.

Lafudhi ya mwalimu wa Pemba huwatia wengi haya, nao hudhani video lazima iwe na mtu wa London. Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu matamshi ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa, aliyachunguza mazungumzo ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na Kiingereza. Alikuta kuwa zile sauti za "think" na "this" zikibadilishwa maelewano hayavunjiki. Urefu wa vokali, kama ule unaotenganisha "ship" na "sheep", ndio unaoyavunja, na vilevile kudondosha konsonanti zilizofuatana mwanzoni mwa neno. Kuingiza kivokali katikati yake, kama wanavyofanya Waswahili wengi, hakuleti madhara makubwa hivyo. Kwa mhudumu wa hoteli anayezungumza Kiingereza na Mtaliano, au mfanyabiashara anayezungumza na Mhindi, orodha hiyo ina thamani zaidi ya lafudhi ya mfalme. Nayo inamwonyesha mtengeneza video wa Pemba pa kuanzia: vokali, kwa jozi, kwa urefu.

Wanaopinga

Atauliza mtu: mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe kinasuasua atamsikiliza vipi mwanafunzi? Swali ni la haki. Jibu liko katika mradi wa Kenya, uliomfunza mwalimu pamoja na darasa lake. Pemba ina vituo vya walimu Michakaini, Mitiulaya, Mizingani na Wingwi. Video inayotarajiwa kutumika wiki ijayo inaweza kutazamwa huko kwanza, walimu wakaisikiliza, wakabishana juu ya matamshi, wakapanga mahali pa kuisimamisha. Mwalimu halazimiki kuwa bingwa wa lugha. Inatosha awe hatua chache mbele ya darasa na awe na sikio lililozoezwa kwa jambo moja la wiki hiyo.

Wazazi nao wana hofu ya simu, hasa mikononi mwa watoto wa kike, na kinachoweza kufunguka baada ya video ya somo. Televisheni moja ya darasa yenye tundu la flashi huiondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, na ndiyo inayofaa zaidi kwa njia iliyoelezwa hapa, kwa sababu wanafunzi hujibu pamoja.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni jipya: sasa zipo programu za akili bandia zinazosikia. Mwanafunzi husema, nazo humrekebisha. Ni kweli, na zinazidi kuwa nzuri. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Stanford walizipima programu za kutambua usemi za kampuni tano kubwa za Marekani, wakakuta zinakosea takriban maneno 35 katika kila 100 ya wasemaji weusi wa Marekani, dhidi ya 19 ya weupe. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza hicho hicho. Chombo kisichomwelewa mtu wa Marekani mwenyewe kinaweza kumwambia msichana wa Micheweni kwamba amekosea pale aliposema sawa, na nyingi za programu hizo hutaka intaneti kila dakika.

Mabishano haya yanaweza kupimwa hapa hapa kisiwani kwa gharama ndogo. Wachukuliwe wanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika skuli tatu za Micheweni zinazofanana. Moja iendelee kama kawaida. Ya pili ioneshwe video fupi bila ya kusimamishwa. Ya tatu ioneshwe video hizo hizo, na mwalimu awe amejitayarisha katika kituo cha Wingwi, akizisimamisha na kuwasikiliza wanafunzi. Januari kila mwanafunzi arekodiwe kwa simu akieleza picha moja kwa dakika mbili, na Juni aielezee tena. Rekodi zisikilizwe na walimu wa Kusini Pemba wasiojua ipi imetoka skuli gani, wahesabu maneno yanayoeleweka. SUZA ina wataalamu wa lugha wa kuusimamia mpango huo, na muhula mmoja unatosha kujua kama televisheni ya pili inunuliwe au fedha zake ziende kwenye mafunzo ya walimu.